Aristotle, Mtume Paulo na birika la chai: chuki dhidi ya wanawake ni kitu gani hasa?

Kibarazani (mleta mada)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka avuke.

Mwezi uliopita tulikaa kikao cha ukoo baada ya arobaini ya baba yangu mkubwa. Dada yangu, binti wa marehemu, ndiye aliyekuwa akizunguka na birika. Tangu msiba uanze alikuwa "mama yetu", "huyu ndiye mtoto", maana ndiye aliyemuuguza mzee miaka miwili, kuanzia kufua mashuka mpaka kumnywesha uji. Akafika kwa baba mdogo, akammiminia, akaliweka birika chini pembeni ya mkeka, akauliza kwa adabu zote: "Baba, hati ya kile kiwanja anayo nani?"

Chai haijapoa, akawa mtu mwingine. Mjuaji. Kisomo kimemharibu. Ndiyo maana ndoa ilimshinda. Mzee mmoja akaguna kwamba udongo wa kaburi haujakauka, watoto wa kike wanagombea mali. Nusu saa baadaye kaka yake akauliza swali lilelile, kwa maneno karibu yaleyale, akajibiwa: "Subiri mwanangu, tutaliweka sawa."

Njiani tukirudi nikamwambia shemeji yangu kwamba baba mdogo anawachukia wanawake. Akacheka mpaka akapunguza mwendo wa gari. "Baba mdogo? Aliyesomesha mabinti watatu? Anayempigia bibi simu kila asubuhi kabla hajapiga mswaki?" Nikakosa jibu. Ndipo nikaanza kusoma.

Neno wanalotumia wenzetu, misojini, limetoka Kigiriki: misos ni chuki, gyne ni mwanamke. Ukilishika hivyohivyo hapatikani mtu wa kutia hatiani, kwa sababu kila mwanamume ana mama yake, na wengi wetu machozi hututoka tukimtaja. Mwaka 2012 neno hilo lilileta zogo Australia. Tarehe 9 Oktoba Waziri Mkuu Julia Gillard alisimama bungeni akamshukia kiongozi wa upinzani, Tony Abbott, kwa neno hilohilo. Wapinzani wake wakasema amelitumia vibaya, kamusi inasema ni chuki, na Abbott ana mke na mabinti. Mwezi huohuo wahariri wa kamusi ya Macquarie wakaipanua maana ya neno, ikaingia pia dharau iliyoota mizizi dhidi ya wanawake. Ikawa vita nyingine, kwamba kamusi imejiingiza kwenye siasa.

Baadaye mwanafalsafa Kate Manne, Mwaustralia anayefundisha chuo kikuu cha Cornell, Marekani, akaja na mgawanyo ambao kwangu ulifungua mlango. Anasema kuna nadharia inayoeleza kwa nini mwanamke akae mahali fulani. Huo ni ubaguzi wa jinsia. Halafu kuna mkono unaomrudisha akitoka pale. Hiyo ndiyo misojini. Mimi nimejitafsiria kwa Kibongo: ya kwanza ni sheria ndogo za halmashauri, ya pili ni mgambo. Mgambo hakuchukii. Asubuhi atanunua vitumbua kwako na kukutania. Anangoja tu siku utakayosogeza meza yako nje ya eneo.

Kwa hiyo kumpima baba mdogo kwa simu anazompigia bibi ni kupoteza muda. Pa kupima ni pale birika lilipowekwa chini.

Sasa swali. Tukiishika maana hiyo, falsafa na dini zinasimama wapi? Waliandika sheria ndogo, au waliajiri mgambo?

Nianze na Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Katika kitabu cha kwanza cha Siasa anagawa akili ya nyumbani hivi: mtumwa hana kabisa uwezo wa kupima mambo na kuamua, mtoto anao ila haujakomaa, mwanamke anao lakini hauna mamlaka. Soma tena hilo la mwanamke. Hasemi hana akili. Anasema anayo, ila haina nguvu ya kuamuru. Kikao chetu kizima kimo humo. Na kwenye maandiko yake ya uzazi wa wanyama anasema jike ni kama dume lililopungukiwa. Miaka zaidi ya 1,500 baadaye mwanateolojia Thomas Aquinas alilibeba wazo hilo mpaka ndani ya teolojia ya Kanisa: kwa upande wa maumbile ya mtu mmojammoja, mwanamke ni kitu chenye kasoro. Ingawa, tumtendee haki, palepale anaongeza kwamba kwa mpango mzima wa Mungu mwanamke si bahati mbaya, amekusudiwa.

Karibuni.

Ngoja Waje

Nimeweka kiti. Wajuzi mje.

Chuma Ulete

Mkuu umeandika vizuri ila naona mtego. Neno likivutwa sana linakatika. Kama kumkemea mwanamke mmoja kwenye kikao ni "chuki dhidi ya wanawake", basi hakuna kitakachobaki nje. Mimi nimewahi kukemewa kwenye kikao kilekile cha ukoo na mimi ni dume. Tuite chuki ya nini?

Pili, mnahukumu watu wa kale kwa macho ya leo. Aristotle aliishi karne ya 4 kabla ya Kristo. Ulitaka aandike nini? Kila mtu wakati ule alifikiri vile.

Tatu, wanaume wanakufa migodini, wanalala stoo wakijenga nyumba za watu, hakuna anayeanzisha uzi.

Kibarazani

Kaka, la tatu lianzishie uzi, nitakuja kuchangia na sitanii.

La kwanza umelijibu mwenyewe. Ulikemewa kwa ulichofanya. Dada alikemewa kwa kufanya kilekile ambacho kaka yake alikifanya akaitwa mwanangu.

La pili ndilo lenye utamu. "Kila mtu wakati ule" si kweli, na shahidi ni mwalimu wa Aristotle mwenyewe. Plato, jiji lilelile la Athens, kwenye kitabu cha tano cha Jamhuri alisema wanawake wenye kipaji wafundishwe sawa na wanaume, hata vita, na washike uongozi wa dola. Aristotle alikaa kwa Plato miaka 20. Hoja aliijua, akaikataa. (Plato naye si malaika. Kwenye kitabu chake kingine, Timaeus, anasema wanaume waoga walizaliwa upya wakiwa wanawake.)

Halafu kuna habari ya meno. Aristotle aliandika kwamba wanaume wana meno mengi kuliko wanawake, na kwamba ni hivyohivyo kwa kondoo, mbuzi na nguruwe. Huyu ndiye mtu aliyechunguza wanyama kwa macho yake mpaka wanabiolojia wanamheshimu hadi leo. Na alikuwa na mke, Pythias. Mwanafalsafa wa Kiingereza Bertrand Russell alimcheka: angemwomba mkewe afungue kinywa, yangekwisha.

Maalim Kofia

Assalaam alaykum. Naomba niingie kwa upande wa dini yetu, maana hapo juu tumetajwa kwa jumla tu.

Msingi kwanza. Qur'ani ilishuka kwa watu waliokuwa wakizika mabinti wachanga wakiwa hai, na katika sura ya 81 inasema msichana aliyezikwa hai ataulizwa aliuawa kwa kosa gani. Haulizwi baba. Anaulizwa yeye, anapewa nafasi ya kusema. Na kwenye kisa cha bustani, Qur'ani haimtupii Hawaa lawama peke yake. Wameteleza wote wawili, na katika Surat Taha anayetajwa kwa jina kwenye kosa ni Adam. Wengi wetu tunalaumu Hawaa kwa hadithi za mtaani ambazo hazimo msahafuni.

Sasa ile hadithi inayorushwa kila mwanamke anapopanda cheo, kwamba hawatafaulu watu waliomkabidhi mwanamke mambo yao. Mwaka 2021 mama Samia alipoapishwa niliipokea kwenye simu zaidi ya mara 10 siku moja. Imo katika mkusanyo wa hadithi wa Bukhari, ndiyo. Lakini ilisemwa ilipofika habari kwamba Waajemi wamemtawaza binti wa Kisra, mfalme wao. Na msimuliaji wake, Abu Bakra, mwenyewe anaeleza kwamba ilimfaa siku za vita vya Ngamia, mwaka 656, alipokuwa akiamua kama ajiunge na jeshi la Bibi Aisha, mjane wa Mtume. Mwandishi wa Morocco, Fatima Mernissi, aliuliza: kwa nini ikumbukwe siku ile, robo karne baadaye? Wanazuoni wengi hawakukubaliana na Mernissi, nami simfuati kwa yote. Ila swali lake si la kitoto. Na mkumbuke malkia wa Sabaa katika Surat an-Naml: anawashauri wakuu wake, wao wanajivunia nguvu za vita, yeye anaona mbali kuliko wao. Qur'ani haimkebehi popote kwa uanamke wake.

Na nyongeza kwa ndugu yetu wa Aristotle. Ibn Rushd wa Cordoba, karne ya 12, qadhi na mfafanuzi mkubwa wa Aristotle, alitaka kufafanua kile kitabu cha Siasa akakikosa, hakikumfikia. Akafafanua Jamhuri ya Plato badala yake. Akaandika kwamba wanawake wa miji ya zama zake hawajulikani uwezo wao kwa sababu wameachiwa kuzaa, kulea na kuwahudumia waume tu, wakawa kama mimea, na kwamba hiyo ni sababu mojawapo ya umaskini wa miji hiyo. Qadhi wa Kiislamu, miaka zaidi ya 800 iliyopita. Kitabu chenyewe cha Kiarabu kimepotea, tunacho kwa tafsiri ya Kiebrania.

Bint Ng'ambo

Maalim, Allah akujaalie. Lakini umeruka aya moja na unajua ipi. An-Nisaa 34.

Maalim Kofia

Sijairuka dada yangu, nilijua utaileta. Ile ya "wapigeni", waume wakiambiwa kuhusu wake zao. Wapo wafasiri wa mwanzo waliosema si zaidi ya kugusa kwa mswaki. Bibi Aisha amesimulia kwamba Mtume hakupata kumpiga mwanamke kwa mkono wake. Wapo wa leo wanaosema neno lenyewe lina maana nyingine, mimi hilo sijaridhika nalo kilugha. Kwangu aya iliwafunga breki wanaume waliokuwa wakipiga bila mpaka.

Bint Ng'ambo

Breki nzuri, lakini gari bado linatembea, Maalim. Mwanamke anayekimbilia kwa shehe na jicho limevimba hasomewi Ibn Rushd. Husomewa hiyo, kisha huambiwa arudi akasubiri. Ndiyo maana ule mfano wa mgambo umenikaa. Kitabu kina aya zaidi ya 6,000. Mgambo amehifadhi moja.

Na miye nawaletea ya kwetu, msione kama jambo hili limezaliwa Ugiriki. Utendi wa Mwana Kupona, mnamo 1858, huko pwani ya Lamu. Mama mgonjwa anamuusia bintiye Mwana Hashima: mridhi mumeo, mpepee, mkande, akilala usimwamshe, usitoke bila idhini yake. Tuliusoma skuli na wavulana darasani walikuwa wakitucheka. Jee, Mwana Kupona anawachukia wanawake? Mwenyewe ni mwanamke, mshairi, mjane wa Bwana Mataka wa Siu aliyepigana na Sultani. Zamani nikiuchukia utendi ule. Sasa nikiusoma namwona mtu anayejua kifo kimefika, anamchorea mtoto ramani: mwanangu, mgambo anasimama hapa na hapa, usikanyage. Hakuziandika yeye zile sheria. Ila kazisomesha vizuri mno mpaka zikawa ndizo "mwanamke mwema", na hilo nalo lina hesabu yake.

La pili ni Kijiti, wimbo wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja. Msichana mgeni kutoka Dar es Salaam katoka na wenzake kwenda ngomani, mwanamume aitwaye Kijiti kamuua, kisha kakimbilia bara. Wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani, kwa sababu ya ulevi walionunua siku ile. Muuaji kaponyoka. Siti hakuwa na neno la Kigiriki la kuliita jambo lile. Kaliimba, na kisiwa kizima kikajua.

Ngoja Waje

Hapo kwa Siti nimesoma mara mbili.

Mtumishi wa Kwaya

Bwana asifiwe. Wakristo tusijifiche nyuma ya Aristotle. Tertullian, baba wa Kanisa kutoka Carthage, aliwaandikia wanawake: wewe ni lango la shetani. Na mwishoni mwa miaka ya 1480 Heinrich Kramer, mtawa wa Kidominika, alitoa kitabu cha kuwasaka wachawi akidai neno la Kilatini la mwanamke, femina, limetoka katika "fe" na "minus", yaani mwenye imani pungufu. Ni uongo mtupu wa kilugha, lakini mbele ya mahakama za wachawi uongo huo ulikuwa na kuni zake.

Lakini Biblia yenyewe si sauti moja. Paulo wa 1 Timotheo 2 anasema mwanamke asifundishe. Paulo wa Wagalatia 3:28 anasema hapana mtu mume wala mtu mke. Fungueni Warumi 16 katika Biblia zetu za Union: Fibi, mwanamke, ni "mhudumu wa kanisa lililoko Kenkrea". Neno la Kigiriki ni diakonos. Neno hilohilo kwenye Wafilipi 1:1, kwa viongozi wa kanisa, limetafsiriwa "mashemasi". Nimeimba kwaya miaka 19 kabla ya kuambiwa hilo.

Na kwa yule dada wa kiwanja: Hesabu 27. Binti watano wa Selofehadi wanasimama mbele ya Musa na kuhani Eleazari na mkutano wote wanadai urithi wa baba yao, kwa kuwa hakuacha mwana. Musa hana jibu, anapeleka kwa Mungu. Mungu anasema binti hao wamenena haki. Sijawahi kusikia mahubiri ya sura hiyo. Hata mara moja. Ya Delila nimesikia mpaka nimechoka.

Chuma Ulete

Mtumishi usitupige kona. Tikiko kwenye Waefeso 6 ni mwanamume na neno ni lilelile diakonos, naye ametafsiriwa "mhudumu mwaminifu". Watafsiri hawakumwonea Fibi.

Mtumishi wa Kwaya

Nimekagua, uko sahihi kuhusu Tikiko. Nabaki na nusu ya hoja: Fibi ametajwa pamoja na kanisa lake mahsusi, kama mwenye cheo, Tikiko hakutajwa hivyo. Lakini nakubali si ushahidi wa kumfunga mtu.

Kijiwe cha Mlimani

Mmesahau wanafalsafa wa Kijerumani, na huko ndiko nyama iliko.

Kant aliandika mwaka 1764 kwamba mwanamke anayejaza kichwa Kigiriki, au anayebishana mambo ya mekanika kama Émilie du Châtelet, bora afuge na ndevu. Huyo du Châtelet ndiye aliyemtafsiri Newton kwa Kifaransa. Hakumpinga hoja hata moja, alimwonyesha kidevu tu. Mgambo huyo mbele ya darasa la chuo kikuu.

Schopenhauer yeye hahitaji nadharia ya Manne, ana ile chuki ya zamani ya kamusi. Insha yake ya 1851 kuhusu wanawake ni matusi toka mwanzo. Kabla ya hapo, mwaka 1821, alimsukuma mshona nguo jirani yake, Caroline Marquet, kwa sababu ya kelele mlangoni. Mahakama ikamwamuru amlipe taler 60 (sarafu ya Kijerumani ya wakati ule) kila mwaka maisha yake yote. Alilipa kama miaka 20. Marquet alipofariki akaandika kwa Kilatini mstari wa mchezo wa maneno: kikongwe kafa, mzigo umeondoka. Na mama yake mzazi, Johanna, alikuwa mwandishi wa riwaya aliyesomwa kuliko yeye kwa miaka mingi. Saikolojia mfanye wenyewe.

Nietzsche ana ule msemo wa kwenda kwa wanawake na mjeledi. Watu wanasahau mambo mawili: kwenye kitabu anayeusema ni bibi kizee, si Zarathustra, mhusika mkuu. Na ipo picha ya mwaka 1882, iliyopigwa Lucerne: mkokoteni, Nietzsche na rafiki yake Paul Rée wamesimama mbele kama punda, na juu yake kachuchumaa Lou Salomé, mwanamke aliyewakataa wote wawili. Mjeledi anao yeye.

Chuma Ulete

😂😂 Hiyo picha nimeitafuta. Kweli mjeledi anao dada.

Haya, nauliza kwa nia njema sasa. Tuchome vitabu vyao?

Kibarazani

Hapana. Mimi kipimo changu ni cha fundi wa nyumba. Toa hilo tofali, uone kama ukuta unabaki. Kwa Kant ukiitoa ile habari ya ndevu, kanuni yake kwamba mtu asitumiwe kama chombo tu inabaki imesimama, na inamhukumu yeye mwenyewe. Kwa Schopenhauer, insha ile unaitupa na falsafa yake ya utashi haipungukiwi kitu. Aristotle ndiye mgumu. Mpangilio wake wa nyumba, kwamba wapo wa asili ya kuamuru na wapo wa asili ya kuamriwa, umejengwa juu ya mtumwa na mwanamke. Ukivitoa hivyo viwili, sura zile za mwanzo za Siasa zinaanguka chini. Mantiki yake inabaki, biolojia yake nusu inabaki, ile nyumba haibaki.

Kwa dini sina ujasiri wa kusema hivyo, wenye dini wamesema wenyewe hapo juu. Ninachokiona tu ni kwamba kitabu kimoja kina binti za Selofehadi na kina "asifundishe", na kuna mtu kila Jumapili anayechagua afungue wapi.

Wakili wa Kahawa

Nimechelewa. Kwa suala la kiwanja, someni kesi ya Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, Mahakama Kuu Mwanza, mwaka 1990. Mama wa Kihaya alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza kwa shilingi 300,000 akiwa mtu mzima. Mwanaume wa ukoo akaenda kupinga: kwa mila mwanamke hula matunda ya shamba, haruhusiwi kuuza. Jaji Mwalusanya akasema mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba, akampa haki mama. Angalieni hapo: kula matunda ya shamba mila ilimruhusu. Shida ilianza siku aliyoandika jina lake kwenye mauziano.

Huyo dada afungue mirathi mahakama ya mwanzo. Asisubiri kikao.

Bint Ng'ambo

Wakili chukua maua yako.

Chuma Ulete

Mimi bado naona neno ni pana mno, sijabadilika hapo. Ila jana usiku nilimwomba mama watoto afungue mdomo nihesabu. Ana 31, mimi 28. Akaniuliza nimeanza kuumwa nini.

Kibarazani, dada yako hati alipata?

Kibarazani

Bado. Kikao kimeahirishwa mara mbili. Jumamosi tulikutana tena, dada akaja na bahasha ya mahakama, akavuta kiti cha plastiki akakaa pembeni ya kaka yake. Birika likabaki mezani. Tukaliangalia muda mrefu, watu wazima 11. Mwisho baba mdogo akanyanyuka akamimina mwenyewe. Ilikuwa ya baridi, tukainywa hivyohivyo.